Siti ya Mwenye Msiba

Kwetu Singida basi likijaa limejaa. Ukikuta siti zimekwisha unarudi nyumbani, au unabaki stendi ukimlaani mkata tiketi kimoyomoyo, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa unakwenda kufanya nini. Mbinga nilikuta mambo mengine. Pale, gari la safari ndefu likijaa, mkata tiketi anakuuliza swali moja kabla hajakurudisha: una msiba au una mgonjwa? Ukisema una mgonjwa, anakupa pole na kukuandikia siku yenye nafasi. Ukisema una msiba, anatoka nje ya kibanda chake, anasimama mbele ya wasafiri wenye tiketi za kesho, na anasema kwa sauti ya kawaida tu, "Jamani, kuna mwenzetu amefiwa." Halafu ananyamaza.

Wasafiri hao huwa wapo hapo hapo, maana wengi wametoka mbali, Litembo na vijiji vingine vya milimani, na hawawezi kupanda na kushuka mara mbili. Wakishakata tiketi wanakaa stendi na mizigo yao. Basi mkata tiketi akishasema neno lake, watu wanatazamana. Baada ya muda mfupi mmoja anainuka na kutoa tiketi yake. Halipwi, hasifiwi, anaandikiwa siku nyingine na maisha yanaendelea. Nimeshuhudia mara mbili kabla ya yangu, na mara zote mbili nilijisemea kwamba hawa watu wana akili kuliko sisi.

Mimi ni afisa mifugo. Serikali kwa hekima yake ilimchukua mtu wa ng'ombe ikampeleka kwenye samaki, ikanipanga Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ng'ombe wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi. Nimechanja kuku, nimehasi nguruwe, nimepima mbuzi, na watu wananiita Bwana Mifugo hata kanisani. Nilipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane anayeuza dagaa. Yeye alianza kuniita mwanangu wiki ya pili. Mimi si mtu wa kuzoeka upesi na sioni haya kulisema hilo, lakini yule mama hakuniuliza kama nimekubali. Alikuwa akiweka sahani yangu ya ugali juu ya dirisha, akiifunika na sahani nyingine, na kesho yake ananigombeza kama nimebakiza.

Simu ilikuja mwezi wa sita, nikiwa zizini nimemshika mbuzi wa watu shingoni. Alikuwa mdogo wangu anayenifuata. Huyo si mtu wa maneno. Akikupigia simu ujue kuna jambo. Akasema baba amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, leo siku ya nne hali chakula, na kila akifumbua macho anauliza kama nimefika. "Kaka, sisi tumekuambia," akasema. "Usije baadaye ukasema hukuambiwa."

Nilikasirika, kwa sababu hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyekataa kuja, na mimi sikuwa nimekataa. Lakini nilimwelewa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, mwaka wa pili ulikuwa unakatika sijaonana na baba, na kati yetu kulikuwa na siku mbili za barabara. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: nimkute anapumua, na anijue.

Kesho yake, Jumatatu, nikapanda gari la asubuhi kwenda Mbinga. Liuli tulikuwa tumeacha joto. Mbinga nilikuta ukungu na watu wamejikunyata ndani ya makoti. Mwezi wa sita ni mwezi mbaya wa kusafiri kutoka milimani. Shule za bweni zinafungwa, na wenye kahawa wanakuwa na safari zao. Stendi ilikuwa imejaa masanduku ya bati ya wanafunzi. Nilikuwa nimeshapiga simu Songea kuulizia gari la Dodoma, nikajibiwa hakuna kitu mpaka mwisho wa wiki. Tegemeo langu likawa lile basi moja linaloanzia Mbinga alfajiri.

Mbele yangu dirishani alikuwapo mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Mkata tiketi alikuwa dada wa umri wangu, amevaa sweta, amechomeka kalamu kwenye nywele. Siku hizi tiketi zinatoka kwenye mashine, lakini yeye alikuwa bado na karatasi ukutani aliyoichora mabox ya siti kwa mkono, na mabox yote yalikuwa yamepigwa alama ya mkasi, yaani yamechukuliwa. Akamwuliza yule mama, "Una msiba au una mgonjwa?"

"Mgonjwa. Mwanangu amelazwa Iringa."

"Pole, mama. Nina nafasi Alhamisi."

Yule mama akachukua ya Alhamisi. Hakubisha, hakulia shida, akakunja tiketi yake akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka. Nikabaki mimi.

Watu wakitenda jambo la aibu hupenda kusema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia mtu. Nilifanya hesabu nikiwa na akili zangu timamu. Nikiondoka Alhamisi nitafika Ijumaa mchana, na baba leo ni siku ya tano. Nikiondoka kesho nitafika keshokutwa. Dada wa tiketi akaniuliza swali lake bila kuinua macho, na mimi nikajibu, "Msiba."

Akainua macho. "Amefariki nani?"

"Baba."

"Baba mzazi?"

"Baba mzazi."

"Pole sana, kaka," akasema. Akaiweka kalamu mezani na kutoka nje.

Nilimfuata kwa sababu sikujua pa kujiweka. Akasema yale maneno yake mbele ya watu, halafu akanyamaza, na mimi nikasimama pembeni yake nikitazama viatu vyangu. Wanafunzi walitazamana. Mwanamume mmoja mwenye magunia alijifanya anafunga kamba. Aliyeinuka alikuwa mzee wa Litembo, amevaa koti zito na mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu, ana mkungu wa ndizi na kuku mmoja ndani ya kikapu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole, mwanangu." Akanishika mkono, akaubakiza mkononi mwake. "Chukua hii. Mimi nakwenda kumwangalia dada yangu, amelazwa Dodoma. Mgonjwa anasubiri. Maiti hasubiri."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: mzee, na mimi nina mgonjwa. Ningeyasema angerudi kuketi, na mimi ningechukua ya Alhamisi kama yule mama wa kitenge cha kijani. Nilifungua mdomo nikasema asante. Dada wa tiketi akatengeneza nyingine yenye jina langu, mzee akaandikiwa Alhamisi, akarudi kwenye kikapu chake na kuanza kumpa kuku maji.

Kilichofuata ndicho kilichonichosha zaidi. Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Mama wa chai alinipa kikombe akakataa malipo. Kijana wa magunia, yule aliyejifanya anafunga kamba, alikuja naye, akaniambia baba yake alifariki mwaka jana na kwamba inauma lakini inapoa. Nikamwambia nimesikia. Wahenga walisema kufa kufaana, ila wao walimzungumzia mtu aliyekufa kweli.

Kosa langu jingine lilikuwa kutotazama nani yupo pale stendi. Kondakta wa gari la Liuli alikuwa hajageuza bado. Alikuja naye kunipa pole, akashuka ziwani na habari yangu pamoja na mizigo ya watu.

Nilifika nyumbani Jumatano mchana. Baba alikuwa amelazwa uani kwenye jua, juu ya godoro, amefunikwa blanketi mbili, amekwisha kabisa. Nikapiga magoti. Akanitazama muda mrefu nikadhani nimechelewa, kwamba macho yapo lakini mwenyewe ameshaondoka. Kisha akasema, "Umekonda. Huko hawali ng'ombe?"

Sijawahi kufurahi namna ile na sitegemei kufurahi tena hivyo. Nililia mbele ya mama na wadogo zangu, nikijua kabisa kwamba mtoto wa kwanza halii hivyo, na sikujali. Nilikaa naye siku tisa. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza, nikamnyoa ndevu. Aliniuliza habari za ziwa, kama kweli ukisimama huku huoni ng'ambo. Nikamwambia siku ya mvuke huoni, siku nyingine unaona milima ya Malawi. Akasema maji mengi namna hiyo bila ng'ombe wa kuyanywa ni hasara. Siku ya sita alikula ugali kwa mlenda. Siku ya nane aligombana na mama kuhusu beberu aliyeuzwa bila yeye kuulizwa, na hapo tukajua amepona.

Muda wote huo simu yangu haikutulia. Bosi wangu alipiga, walimu wakapiga, mwenyekiti wa kijiji akapiga. Nilikuwa nikiamka na kwenda nyuma ya zizi kuzungumza. Siku moja sikuwahi, nikapokea nikiwa nimekaa na baba, nikaitikia ndiyo, asante, nashukuru, tumepoa. Baba akauliza, "Nani hao wanaokupigia kila saa?"

"Watu wa kazini."

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimia."

Akafurahi. Akasema huko nilikopelekwa kumbe kuna watu, wasalimie, waambie Mungu awabariki. Nikasema nitawaambia.

Nilirudi Liuli nikiwa na mpango wa kusema kweli. Niliutunga ndani ya basi, kuanzia Makambako: nitasema nilipewa habari vibaya, simu ilikatikakatika, nikadhani. Ulikuwa uongo mwingine, lakini uliokuwa ukirudi nyumbani, kwenye kweli. Nikamkuta mama mwenye nyumba amejifunga kitenge cheusi. Walikuwa wamekaa matanga siku tatu, barazani kwangu, mimi mwenyewe nikiwa sipo. Watu walileta unga, walileta dagaa na samaki mbasa wa kukausha, wanakwaya walikuja kuimba, na Jumapili baba yangu aliombewa kanisani pamoja na marehemu wengine. Yule mama hakwenda kuuza dagaa siku zote tatu. Alinikumbatia, akaniuliza, "Mmemzika salama?"

Nikasema, "Tumemaliza salama, mama."

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyofundishwa. Yangu ilikuwa ndefu, mwaka mmoja na nusu. Sababu ni kwamba baba alipopona aliipenda simu. Mdogo wangu alimnunulia ya kitochi, na kila Jumapili jioni akawa ananipigia. Mimi huyo natoka nje kwa haraka, nashuka mpaka kwenye mawe ya ufukweni, nazungumza naye Kinyiramba kwa sauti ya chini. Alitaka kujua bei ya mbuzi, mvua, kama nimepata mchumba. Nilicheka naye sana kule kwenye mawe. Siku moja nikageuka nikamkuta mama mwenye nyumba amesimama na beseni lake, anatabasamu.

"Unazungumza na nani, mwanangu, unafurahi hivyo?"

"Na baba mdogo," nikasema.

Hivyo ndivyo baba mdogo alivyozaliwa. Yule mama alimpenda papo hapo. Akasema Mungu hamtupi mja wake, akiondoa baba anaacha baba mdogo, na huyo ndiye baba yangu sasa, nimtunze. Kila nilipokwenda likizo alinifungia dagaa wa kumpelekea. Baba aliwala kwa ugali na kuwasifu, akamtumia asali kwenye chupa ya maji, nami nikaifikisha kama asali ya baba mdogo. Wakawa marafiki hivyo, kila mmoja akimshukuru mwenzake kupitia kwangu, na mimi katikati nabeba vifurushi. Nitasema kweli, nilianza kuzoea. Kuna miezi ilipita bila jambo hili kunikera hata mara moja.

Mara moja tu nilikutana na yule mzee wa Litembo. Ilikuwa Mbinga, msimu wa kahawa uliofuata, amekaa juu ya gunia nje ya duka la pembejeo. Alinitambua kabla yangu. Akanipa pole upya, akaniuliza kama mama yangu amekwisha kupoa. Nilimjibu, nikamshukuru tena kwa ile siti, nikaaga. Sikumwuliza habari za dada yake, kwa sababu angenijibu.

Baba alifariki mwezi wa kumi na mbili, katika wiki ya kuelekea Krismasi. Mdogo wangu alinipigia Jumatatu asubuhi, jua ndiyo linachomoza. Safari hii hakuugua. Alikunywa chai, akasema anajilaza kidogo. "Tunazika Jumatano saa tisa," akasema. "Kusogeza mbele hatuwezi, kaka, kijijini hapa hakuna pa kumhifadhi. Ukipata gari la kesho alfajiri utawahi."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Mama mwenye nyumba alitoka chumbani kwake akanikuta nimefunika uso. Akaniuliza nini, nikamwonyesha simu. Akauliza, "Baba mdogo?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Alilia. Alilia kuliko alivyolia mara ya kwanza, maana huyu alikuwa anamjua kwa asali yake. Kisha akafuta machozi, akanitazama nilivyokuwa, akasema hajapata kuona mwanamume anamlilia baba mdogo namna ile. "Alikulea?" akaniuliza.

"Alinilea, mama."

"Basi nakusindikiza. Huwezi kupanda peke yako mpaka Mbinga katika hali hii."

Nilimkatalia, hakusikia. Alifunga duka la dagaa, akabeba begi langu mwenyewe, tukapanda gari. Njiani nilipiga simu Songea kwa mawakala wote ninaowajua, na wote walinicheka kidogo: kaka, wiki ya Krismasi, wewe unatafuta siti ya kesho? Tulifika Mbinga saa sita kasoro. Stendi ilikuwa imejaa watu wanaokwenda kula sikukuu kwao, na kibandani alikuwamo yule yule dada, na karatasi yake ukutani, na mabox yote yamepigwa mkasi.

Alinikumbuka. "Bwana Mifugo wa Liuli," akasema. "Kuna nini tena?"

"Msiba."

"Jamani. Amefariki nani?"

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama begani kwangu, begi langu mkononi, kile kitenge cheusi kiunoni. Kama ningekuwa peke yangu ningesema. Naamini hivyo, ingawa imani yangu katika jambo hili haina ushahidi. Nikasema, "Baba mdogo."

Dada wa tiketi akashusha pumzi. "Pole, kaka. Ana watoto wake huko?"

"Wapo."

"Basi watamzika wao. Nina siti ya keshokutwa, Jumatano alfajiri, moja tu. Niiandike kabla haijaondoka."

Mama mwenye nyumba akasogea mbele mpaka dirishani. "Mwanangu, msaidie. Baba yake mzazi alishafariki mwaka jana, huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Ndiye aliyemlea. Toka nje uwaambie watu kama mnavyofanya."

"Mama, nakuelewa," akasema dada wa tiketi, tena kwa upole. "Ila leo watu wanakwenda kwa wazazi wao na watoto wao. Kwa baba mdogo siwezi kumwinua mtu, watasema nimewaonea. Ingekuwa baba mzazi ningetoka sasa hivi. Si unakumbuka, kaka? Kwa baba yako nilitoka."

Nikasema nakumbuka.

Nyuma yangu kwenye foleni mmoja alikohoa. Mlangoni, upande wa pili, watu wenye tiketi za kesho walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, wanakula mahindi ya kuchoma. Nilijua kwamba katikati yao yupo mmoja angeinuka. Nilitaka kumwambia dada wa tiketi: ni baba mzazi, ni leo ndiyo amekufa. Angeniuliza, na yule wa kwanza? Ningepaswa kumjibu mbele ya mama aliyekaa matanga siku tatu barazani kwangu, akapika, akaacha biashara yake, akamwombea mtu hai aliyekuwa akila uji Singida. Nilijaribu. Nilipogeuka kumtazama yule mama alidhani naomba ruhusa ya kukata tamaa. Akanipapasa mgongo.

"Basi, mwanangu," akasema. "Chukua hiyo ya Jumatano. Utakuta wamezika, utalia kaburini, Mungu anajua. Heri si mzazi. Mzazi ulimzika mwenyewe."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nikalipa. Mashine ikatoa tiketi, dada akaikata vizuri kwa rula, akanipa pole tena. Yule mama alirudi Liuli kwa gari la mchana akiniachia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, nami nikakaa nyumba ya wageni Jumatatu na Jumanne yote, nikipokea simu za mdogo wangu aliyekuwa akiniuliza nimefika wapi. Nilimwambia siti zimekwisha. Akasema hata kwa mwenye msiba? Nikasema hata kwa mwenye msiba.

Jumatano nilipanda. Walizika saa tisa kama walivyosema, hawakuweza kungoja. Udongo wa kwanza kwetu ni wa mtoto wa kwanza. Saa hiyo sisi tulikuwa tumepita Iringa, na udongo wangu aliutupa mdogo wangu.